Nyuzi Thelathini na Saba na Nusu

Nkome, Ijumaa, 9 Juni 2023

Baba Loveness,

Nimefika salama. Mdogo wangu Noela anaendelea vizuri, kidonda cha upasuaji kimeanza kukauka, na mtoto ananyonya mpaka anatoka jasho. Dagaa wa Noela wako juu ya chanja na hakuna wa kuwageuza isipokuwa mimi. Nitakaa huku wiki tatu, labda zaidi, mpaka aweze kuinama.

Simu nimekuachia kwa ajili ya kengele ya kugeuzia mayai. Hata ningekuwa na nyingine nisingekupigia. Tangu baruti zilipokuharibia masikio, kuongea na wewe kwenye simu ni kuitangazia Kalangalala nzima. Tuandikiane kama zamani ulipokuwa machimboni. Edson wa Fuso ya dagaa anakuja huku kila baada ya siku mbili, ameahidi kubeba barua bila kuzisoma. Simwamini, lakini sina mwingine.

Sasa mayai. Nimekwisha kukuambia mara nne, hii ni ya tano. Joto la mashine liwe nyuzi thelathini na saba na nusu. Likifika thelathini na tisa, vifaranga wanaiva humo ndani. Likikaa chini ya thelathini na sita, wanachelewa au wanakufa. Kipimajoto kikae usawa wa mayai, si karibu na taa. Bakuli la maji lisikauke. Kengele ikilia, mara tatu kwa siku, geuza: asubuhi alama ya msalaba iwe juu, mchana duara, jioni msalaba, kesho yake uanze na duara. Siku ya kumi na nane uache kugeuza, uongeze maji na ufunge mlango, usifungue tena mpaka watotolewe.

Yako mayai ishirini na nane. Unajua kwa nini nasema sana. Mama aliniachia kuku wa kishingo, wale wa shingo tupu, kutoka Tinde, na mpaka mwezi uliopita walikuwa kumi na mmoja uani. Nilikutuma dukani ukalete chanjo ya kideri. Ukaishia kibandani kuangalia mpira. Ndani ya siku nne nilizika kuku kumi na mmoja. Mayai haya ndiyo yaliyobaki ya mama, na yasingeweza kunisubiri nirudi.

Sina maneno mengine. Kula ugali, usile mikate tu.

Mkeo,
Justa


Kalangalala, Jumapili, 11 Juni 2023

Mke wangu mpendwa, Mama Loveness,

Kwanza pokea salamu. Pili, nashukuru kwamba Noela na mtoto ni wazima. Tatu, hapa nyumbani hakuna neno.

Ripoti ya mashine ni hii. Ijumaa asubuhi nyuzi thelathini na saba na nusu. Ijumaa mchana thelathini na saba na nusu. Ijumaa jioni thelathini na saba na nusu. Jumamosi, hivyo hivyo. Leo, hivyo hivyo. Fundi Valerian alisema friji bovu haliwezi kuwa mashine ya kutotoleshea. Mwambie Noela kwamba friji la shemeji yake limetulia kama askofu.

Kengele siisikii, kwa hiyo simu naiweka kwenye mfuko wa shati ikinitetemesha kifuani. Leo ilinitetemesha kanisani wakati wa sadaka nikatoka mbio. Watu wakadhani nimepigiwa simu ya msiba. Nilifika nyumbani kwa wakati, nikageuza.

Usiwe na wasiwasi. Mimi ni mtu niliyeshuka duara, shimo la dhahabu la mita tisini, kwa kamba. Siwezi kushindwa na mayai.

Nakula ugali.

Mumeo anayekukumbuka,
Stanslaus


Nkome, Jumanne, 13 Juni 2023

Baba Loveness,

Barua nimeipata. Edson aliniletea huku akisema, "Mama, mashine imetulia." Nikajua ameisoma.

Nakuuliza swali moja. Hiyo mashine niliijaribu mwenyewe siku mbili kabla ya kuweka mayai. Asubuhi kwa baridi ilishuka mpaka thelathini na sita na nusu. Mchana bati likishika moto ikapanda thelathini na nane na ushee, nikafungua tundu la juu. Haikuwahi kukaa mahali pamoja hata nusu saa. Kwako wewe siku tatu haijatikisika? Unaiangalia kweli, au unaandika tu?

Keshokutwa ni siku ya saba. Funga madirisha chumba kiwe giza, chukua tochi, weka yai juu ya mwanga. Likiwa na mishipa kama mizizi na kitone katikati, kuna mtu. Likiwa jeupe tupu, litoe. Usilitikise.

Huku dagaa wamekauka vizuri. Mtoto wa Noela amepewa jina Davis. Analia kama wewe unavyoongea.

Niandikie ukweli.

Justa


Kalangalala, Ijumaa, 16 Juni 2023

Shoga yangu Mama Loveness,

Asalaam aleikum. Ni mimi jirani yako Mwamvua wa vitumbua. Mimi si mtu wa maneno, unanijua. Nimekaa na jambo hili siku nne na limenikosesha hamu ya chakula, ndiyo maana nimeona bora nikuandikie.

Jumatatu saa nane mchana nilikuja uani kwako kuazima kamba ya kuanikia. Jua linawaka, lakini madirisha yote yamefungwa. Nikasikia sauti ya mumeo. Unajua mumeo akinong'ona anasikika mpaka stendi. Alikuwa anasema, "Geuka, mama. Taratibu. Haya, na wewe. Mrembo wangu wee, mbona wa baridi hivi?"

Nikapiga hodi mara tatu. Hakunisikia, au hakutaka kunisikia.

Jumanne asubuhi akaja Paskalia, yule nesi wa zahanati, na mkoba wake. Wakaingia ndani wakarudishia mlango. Mimi nilikuwa nafagia upande wangu wa ukuta, sikuwa nasikiliza. Nesi akapaza sauti: "Kikung'ute, baba! Kwa nguvu! Bila kukikung'uta hakishuki!" Mumeo akajibu, "Nimekishika tangu jana, kimegoma!" Kisha wakacheka wote wawili. Nesi alipotoka alikuwa anafuta machozi ya kucheka.

Mimi ni mtu wa swala, nikaingia ndani kwangu.

Na jana tena madirisha yalifungwa mchana kutwa. Safari hii nikasikia, "Huyu ana mtu ndani. Na huyu ana mtu ndani. Huyu hana kitu, atoke."

Shoga, hao ni wangapi?

Fanya haraka urudi.

Wako,
Mwamvua


Nkome, Jumamosi, 17 Juni 2023

Stanslaus Mabula,

Nani anageuzwa chumbani kwangu? Nani mrembo?

Nesi Paskalia anafuata nini nyumbani kwangu mlango ukiwa umerudishwa, na ni kitu gani hicho mnachokikung'uta?

Sikuandikii tena mpaka unijibu. Edson nimemwambia asimame hapo mlangoni mpaka umalize kuandika.

Justa binti Masanja


Kalangalala, Jumapili, 18 Juni 2023

Mke wangu Mama Loveness,

Edson amesimama mlangoni kama askari. Nimempa kiti amekataa. Naandika ukweli wote sasa, na ukinichoka uwe umenichoka kwa ukweli.

Kipimajoto nilikivunja Jumamosi ile, siku ya pili tu. Nilikitoa nikisome vizuri kwenye mwanga, simu ikanitetemesha kifuani, nikashtuka, kikaanguka. Barua niliyokuandikia Jumapili ilikuwa ya uongo kuanzia Jumamosi. Niliogopa. Chanjo nimesahau mimi, kuku wamekufa kwa sababu yangu, halafu siku ya pili tu nimevunja kipimajoto. Ningekuandikiaje hilo?

Siku mbili nikapima kwa kope la jicho. Nalitoa yai, naliweka kwenye kope, likiwa vuguvugu narudisha. Jumatatu asubuhi nikaenda zahanati kumwomba nesi Paskalia kipimo cha homa. Akanipa kile cha zamani cha kioo. Nikakiweka ndani saa saba mchana, bati limeshika moto, kikasoma thelathini na tisa. Nikasema mayai ya mama yanaiva! Nikatoa taa moja. Thelathini na tisa. Nikafungua mlango. Thelathini na tisa. Nikapepea kwa ungo mpaka mkono ukafa ganzi. Thelathini na tisa. Nikagusa mayai, ya baridi! Hapo ndipo Mwamvua aliposikia nawauliza mbona wa baridi. Nilikuwa nawageuza na kuwabembeleza, Justa. Walikuwa wanatia huruma.

Nikafunga mlango, nikaacha taa moja, nikalala nimechanganyikiwa kati ya kipimo na mkono wangu. Asubuhi nesi akapita kuniuliza. Nikamwonyesha. Akaniambia kile kipimo kikishapanda hakishuki chenyewe mpaka ukikung'ute, kwa sababu kimetengenezwa kisubiri daktari akisome. Basi ndicho tulichokuwa tunakikung'uta. Tulipokikung'uta na kukirudisha, kikasoma chini ya thelathini na tano. Nusu siku nzima nilikuwa napoza mayai yasiyo na homa.

Sasa taa mbili zinawaka na nakikung'uta kila saa. Bega linauma.

Alhamisi nilipima kwa tochi kama ulivyosema. Matano hayana kitu. Ishirini na matatu yana mishipa. Justa, sikuwahi kuona jambo kama lile. Mistari myekundu myembamba kama mizizi, na kitone cheusi katikati kinachezacheza. Niliketi chini kwenye sakafu. Nilipoweza kuinuka nikaendelea na mengine, na nilikuwa nasema kwa sauti huyu ana mtu, huyu hana. Hao ndio wanawake wangu. Wako ishirini na watatu.

Nakuomba msamaha kwa uongo. Nikikudanganya tena usinirudie.

Stanslaus


Nkome, Jumatano, 21 Juni 2023

Baba Loveness,

Nilisoma barua yako kwa sauti. Noela alicheka mpaka akashika kidonda na kunifukuza chumbani. Nikaimalizia nje kwenye chanja, peke yangu, na hapo sikucheka sana.

Ungeniandikia siku ile ile. Ningegomba, ndiyo. Lakini ningekuambia weka kidole kwenye yai, funga mlango, subiri. Yai la siku nne likipoa kidogo halifi. Linachelewa tu. Kinachoua haraka ni joto kuzidi. Kwa hiyo kati ya makosa mawili, ulifanya lile dogo, bila kujua.

Kitone kinachocheza nilikionyeshwa na mama nikiwa na miaka saba, kwa mwanga wa jua uliopita kwenye tundu la mlango. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeketi chini.

Mwamvua nimemwandikia. Usimnunie. Nesi Paskalia mpe samaki hawa waliokaushwa, wamefungwa kwenye gazeti. Mwambie wabeja, na mimi nitakuja mwenyewe kumshukuru.

Jumatatu ni siku ya kumi na nane. Usisahau.

Justa


Kalangalala, Jumatatu, 26 Juni 2023

Mama Loveness,

Leo nimeacha kugeuza, nimejaza maji, nimefunga mlango. Mikono haijui ifanye nini.

Naandika ukweli kama nilivyoahidi. Juzi Jumamosi saa saba mchana umeme ulikatika. Nilidhani utarudi baada ya muda mfupi. Saa nane, hakuna. Kila nikikung'uta, kipimo kinasoma chini zaidi, thelathini na saba, thelathini na sita na nusu. Nikalifunika friji kwa mablanketi yote mawili na koti langu la harusi. Kisha nikatoka nje nikapiga kelele, "Maji ya moto!"

Mwamvua alikuwa wa kwanza. Alidhani nimeungua. Nikamvuta mkono mpaka chumbani nikafungua friji kidogo, nikamwambia, "Hawa ndio warembo." Alitazama mayai, akanitazama, akajifunika uso kwa mtandio. Alisema jambo ambalo sikulisikia. Nadhani lilikuwa pole.

Akaleta jiko lake la vitumbua na sufuria kubwa. Nikaokota chupa za maji mtaani, tukazijaza maji ya moto, tukazipanga ndani, tatu chini na mbili juu, zikipoa tunabadilisha. Mwamvua anapika maji, mimi nakung'uta na kusoma. Kwa muda wote kipimo hakikushuka chini ya thelathini na sita na nusu. Mara moja kilipanda thelathini na nane, Mwamvua akanipokonya chupa mkononi kabla sijaiweka. Umeme ulirudi jua linazama. Vitumbua vyake hakuuza siku hiyo.

Koti la harusi limeshika unyevu kidogo. Ni ukweli pia huo.

Mumeo,
Stanslaus


Kalangalala, Ijumaa, 30 Juni 2023

Justa,

Jana ilikuwa siku ya ishirini na moja. Leo ni ya ishirini na mbili. Hakuna yai lililopasuka. Hakuna hata ufa.

Jana ilikuwa Idi, Mwamvua aliniletea pilau. Niliila nimekaa mbele ya friji nikiangalia kupitia kioo kidogo cha mlangoni. Aliniuliza kwa kuandika kwenye karatasi: Bado? Nikatikisa kichwa. Akachukua sahani akaondoka taratibu.

Nadhani ni ile nusu siku ya Jumatatu. Nadhani niliwaua wakiwa na siku nne na mimi nimekuwa nikigeuza maiti na kuziita warembo. Kesho asubuhi nitayatoa nikayazike nyuma ya choo, kabla hayajaanza kunuka, kabla hujarudi. Sitaki uyaone.

Sijui nikuambie nini kuhusu mama yako.

Stanslaus


Nkome, Ijumaa, 30 Juni 2023

Baba Loveness,

Umesema ukweli mara mbili, sasa ni zamu yangu, na wangu ni mbaya zaidi.

Mayai hayakuwa ishirini na nane. Yalikuwa arobaini. Yale kumi na mawili makubwa, yaliyo mazuri kuliko yote, nilikuja nayo huku kwenye ndoo ya pumba nikayaweka chini ya kuku wa Noela aliyekuwa anaatamia. Nilijiambia, Stanslaus ataharibu yake, haya yatabaki. Ndivyo nilivyokuwa nawaza wakati nakuandikia mambo ya msalaba na duara.

Juzi mchana kenge alitoka kwenye matete akaingia bandani. Kuku alipigana mpaka akatoka damu. Nilifika na mwiko wa ugali mkononi. Nilimkuta kenge anameza la mwisho, ananitazama. Yalikuwa yamebakiza siku moja. Mengine yalikuwa yameanza kulia ndani ya ganda.

Basi kama bado yuko kuku wa mama duniani, yuko kwenye friji lako. Yalipoa, kwa hiyo yatachelewa. Nakuomba, hata siku zikipita usifungue. Subiri mpaka siku ya ishirini na nne. Nimemwambia Edson akimbize gari.

Nisamehe.

Justa


Kalangalala, Jumapili, 2 Julai 2023

Mke wangu Justa,

Barua zetu zilipishana. Edson aliniletea ya kwako jana saa tano. Nilikuwa nimeshafungua.

Nilichimba shimo asubuhi nyuma ya choo. Nikaenda na ndoo, nikafungua friji, nikachukua yai la kwanza. Sikuliweka kwenye ndoo mara moja. Nililishika tu kiganjani, maana nilikuwa nimeligeuza siku kumi na nane na tulishazoeana.

Likagonga.

Nilidhani ni simu. Simu ilikuwa mezani. Nikatulia. Likagonga tena, katikati ya kiganja, tk, tk, kisha kimya, kisha tk.

Kuna jambo sikuwahi kukuambia. Mwaka ule nilipokuandikia kwamba nimechelewa kurudi kwa sababu ya malaria, haikuwa malaria. Duara letu lilibomoka, tukabaki watatu nyuma ya kifusi. Tuligonga mwamba kwa nyundo toka asubuhi. Wa juu walikuwa hawasikii kitu, wameanza kukusanya kamba waondoke. Ni Mwita, mchimbaji mwenzetu aliyekuwa juu, aliyepiga magoti, akaweka kiganja juu ya jiwe, akasema, "Subirini. Kuna watu humu."

Basi nilipiga magoti mbele ya friji, Justa, na masikio yangu haya yasiyofaa kitu, nikayagusa yote, moja moja, kwa kiganja. Kuna watu humu. Kuna watu humu. Nikayarudisha, nikafunga, nikajaza maji, nikamwita Mwamvua aje kunisikilizia. Aliweka sikio kwenye mlango wa friji akaanza kuruka.

Wa kwanza alitoka jana saa nane. Mpaka leo asubuhi wametoka kumi na wanne. Mayai tisa yamekaa kimya, hayo ndiyo yaliyoingia shimoni. Kati ya kumi na wanne, tisa wana shingo tupu, nyekundu, isiyo na unyoya hata mmoja. Ni wabaya wa sura kupita maelezo. Mwamvua anasema hajawahi kuona viumbe vibaya hivi. Nimemwambia hao ni wakwe zangu, achunge mdomo.

Nimewahamishia kwenye boksi lenye taa, nyuzi thelathini na tano. Wakijazana chini ya taa najua wanahisi baridi, naishusha. Wakikimbilia pembeni najua wamezidiwa, naipandisha. Siku hizi nawatazama wao kwanza, kipimo baadaye. Na jana, kabla sijala, nilikwenda dukani kwa miguu nikanunua chanjo. Nimeambiwa waipate wakiwa na siku saba. Nimeiweka kwenye friji la nesi Paskalia, zima, lenye baridi.

Kuhusu yale mayai kumi na mawili, nilijua. Siku unaondoka nilikubebea ndoo ya pumba mpaka kwenye gari, nikaona imekuwa nzito, nikafunua. Nikafunika tena. Mtu aliyesahau chanjo hana mdomo wa kuuliza. Ningekuwa wewe ningechukua ishirini. Kwa hiyo usiniombe msamaha. Pole kwa kenge, na pole kwa kuku wa Noela. Mpelekee punje za mtama kwa niaba yangu, alipigana kuliko mimi.

Sasa rudi. Noela akiweza kuinama, panda gari la Edson, ameniambia kwa kelele kwamba atakupa kiti cha mbele. Nakusubiri. Sikujua kumbe kusubiri mtu nyumbani ni kazi kubwa namna hii, na wewe umeifanya miaka kumi na minne bila kuniandikia kwamba unachoka.

Lakini usije Jumanne. Mwamvua amewaeleza wanawake wa mtaa, nao wamepata friji bovu mahali, na wamekubaliana kuja hapa saa tisa niwafundishe mambo ya joto. Wako sita, na mwenyekiti wa mtaa ameomba kiti. Nimepasi shati. Njoo Jumatano. Jumanne nina wanafunzi.

Mumeo,
Mwalimu Stanslaus